Tyubu za Nini, Mwanangu? Gitaa la Busunzu na Ampi za Dijitali

Ubishi wa tyubu na dijitali umeshatua Busunzu, wanangu, na umeingia kwa bando. Mshkaji yuko zake kijiweni anasubiri abiria wa boda, simu mkononi, anacheki video za Wazungu wanaovutana: gitaa la umeme bila ampi ya tyubu ni gitaa kweli? Mmoja kakaa mbele ya Marshall ya kitambo, mwingine ana kiboksi kidogo cha dijitali, na kila mtu anakaza kwamba mzigo wake ndio wenyewe. Mshkaji anazima simu, anawageukia wenzake: "Sasa sisi tunaopiga kwaya bila hiyo tyubu, tunapiga nini?"

Hilo swali ni la haki na linataka jibu la maana. Ukanda huu wetu, kuanzia Kasulu, Makere, Mvugwe, Busunzu mpaka Kibondo na Kakonko, umejaa masela wanaolipenda gitaa kufa mtu. Kila kanisa lina kwaya, kila kwaya ina solo na besi, na kwenye kila kwaya kuna dogo anayekaa karibu na mpiga solo akikodolea macho vidole. Madogo hao wakiingia mtandaoni wanakuta wanaambiwa sauti yao haijakamilika mpaka wamiliki mtambo wa milioni kadhaa. Hiyo inavunja watu moyo, na mimi naona ni kosa. Kwa muziki tunaopiga huku, tyubu huihitaji. Zipo tyubu chache zilizobaki nchi hii ambazo tunazihitaji sana, tena haraka, ila kwa kazi tofauti kabisa na ile ya kutambia jukwaani. Huko nitafika.

Kwanza tuijue yenyewe. Tyubu ni kile kichupa cha kioo kinachowaka rangi ya chungwa nyuma ya ampi. Ndani hewa imefyonzwa. Kuna waya unaochemka, na ukishika moto unatema elektroni. Ng'ambo yake kuna bamba lenye volti mia kadhaa linalozivuta elektroni hizo, na katikati pamewekwa wavu mwembamba. Gitaa lako linatoa umeme kiduchu mno, lakini umeme huo ndio unaoingia kwenye wavu na kuamuru: ukigusa uzi kistaarabu wavu unapitisha kidogo, ukiuchapa unaachia mafuriko. Nguvu ndogo ya kidole inaendesha nguvu kubwa ya ukutani. Mwingereza Fleming alitoa tyubu yake mwaka 1904, Mmarekani De Forest akaongeza ule wavu mwaka 1906, na kwa miaka karibu hamsini baada ya hapo karibu kila kitu chenye sauti ya umeme duniani kilipita humo. Babu zetu wenyewe walizijua bila kuziita jina: zile redio za mbao ambazo ukiwasha zinapasha kwanza ndipo ziseme, zilikuwa na tyubu tumboni.

Utamu wa tyubu uko pale unapoisukuma kupita uwezo wake. Haikati sauti ghafla. Inaibana taratibu, inaitia mkwaruzo mzito kwa juu, na ukilegeza kidole inarudi safi. Watu wa bluzi na roki walidata na huo mkwaruzo, wakajenga muziki mzima juu yake. Jim Marshall aliyekuwa na duka la vyombo London alianza kutengeneza ampi zake mwaka 1962 kwa sababu madogo wa wakati ule walitaka sauti nene, ya fujo. Kwa muziki wa namna hiyo ampi inakuwa nusu ya chombo. Ukimnyang'anya mpiga roki tyubu yake umemkata ulimi, na mbishi wa kwenye ile video ana hoja nzito kwa upande wake.

Haya, sasa geuka uje upande wetu.

Gitaa la Kiswahili lilianza bila ampi kabisa. Jean-Bosco Mwenda, jamaa wa Katanga, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Gitaa moja kavu, vidole viwili tu vya mkono wa kulia, na ukifumba macho unasikia watu wawili wanapiga. Masafa kutoka Likasi mpaka kwetu ni marefu, ila muziki wa Kongo umekuwa ukivuka Ziwa Tanganyika tangu zamani, na sisi wa Kigoma ndio tuko mlangoni. Alichotuachia Mwenda ni namna ya kufikiri: besi inatembea, solo inajibu, na kila noti ina kiti chake.

Kisha zikaja bendi. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964, ampi za gitaa karibu zote duniani zilikuwa za tyubu, kwa hiyo muziki wa dansi ulizaliwa humo, hakuna ubishi. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda kupiga kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, ilikulia humo humo. Lakini tega sikio uone walichokuwa wanazifanyia hizo tyubu. Mbaraka hapigi mkwaruzo. Solo yake ni safi, kali, imenyooka. Unaweza kuihesabu noti kwa noti. Sogea mpaka Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, na Michael Enoch akipanga magitaa: solo huku, solo la pili pale, rizimu chini yao, besi inazunguka, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Magitaa matatu yenye mkwaruzo yakipigwa pamoja yanageuka uji. Ili yasemezane ni lazima kila moja liwe na sauti nyembamba na yenye ncha. Wazee wetu walikuwa na tyubu, ila walizitumia kwa kuzizuia zisikwaruze. Wapiga gitaa wote wanaojiona wadogo mbele ya Marshall nawaomba wakae na hili.

Kingine ambacho watoto wa leo hatukifikirii: wengi wa wale mafundi wa solo hawakuwa na ampi yao. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilikuja kuwa ya shirika la DDC, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana, na majeshi nayo yalikuwa na bendi zao. Mwanamuziki akihama, anahama na vidole vyake tu. Gitaa na ampi vinabaki kwa bosi. Anaenda bendi nyingine anakuta mtambo mwingine kabisa, na wiki hiyo hiyo watu ukumbini wanamtambua kwa sauti. Miaka ile vyombo vipya vilikuwa adimu, fedha za kigeni hazipatikani, na nyimbo zenyewe zilirekodiwa studio ya Redio Tanzania kwa maikrofoni chache. Pamoja na dhiki yote hiyo, hakuna aliyewahi kuchanganya solo ya bendi ya Maquis na solo ya Sikinde, yaani Mlimani Park. Ampi zilipita mikononi mwao, na mtindo ulikaa nao.

Halafu tyubu ikaanza kuachwa hata na baadhi ya wakubwa. Mwaka 1975 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa JC-120, ampi ya transista isiyo na tyubu hata moja, na sifa yake kubwa ni kwamba inabaki safi hata ukiipandisha. Watu wa roki waliikunjia uso, lakini sauti safi yenye korasi ndiyo iliyokuja kutamba kwenye soukous ya Paris miaka ya 1980. Msikilize Diblo Dibala, yule waliyemwita bunduki ya rashasha. Zile noti zinazomiminika kwenye sebene zinang'aa mno, na mng'ao huo haudai tyubu. Sebene ya Kikongo ndiyo mwalimu mkuu wa kwaya za Kigoma. Tangu kambi ya Nyarugusu ifunguliwe Kasulu mwaka 1996, na watu wa Kivu Kusini kuja na mikono yao, madogo wa pande hizi wamekuwa wakijifunza kwa jirani, uso kwa uso, bila hata kusubiri kaseti.

Tuje na hali halisi ya Busunzu, maana ubishi wa ampi usiotaja umeme na barabara ni ubishi wa watu walioshiba.

Chukua Fender Twin Reverb, ampi ya tyubu ambayo kwa sauti safi ndiyo inayotajwa zaidi. Ina tyubu kumi: nne kubwa za 6L6 na sita ndogo. Ina uzito wa kilo 29. Inatoa wati 85. Ile ya soko la Marekani inataka volti 120, na ukuta wetu unatoa 230, kwa hiyo unabeba na transfoma. Sasa ipakie kwenye boda umpeleke fundi wa solo mkutano wa injili kijiji cha pili. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, ile ya kilomita 260, imewekewa pesa za lami na imebadilisha maisha ya watu, hilo lazima tulisifie, lakini ukitoka nje yake unaingia kwenye vumbi na mashimo ya kwetu, na tyubu ni kioo chenye waya mwembamba ndani. Mtetemo wa safari moja unaweza kuilegeza. Ukifika nayo salama, jenereta dogo la petroli linapanda na kushuka kila spika zikibanja, na tyubu hazipendi umeme unaoyumba.

Umeme wenyewe ni habari mpya. Kwa miaka mingi Kibondo na Kasulu walikuwa wanavuta kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO, mpaka gridi ya Taifa ilipoingia mwaka 2022 na majenereta yale yakazimwa. Ni hatua kubwa sana. Hata hivyo vitongoji vingi kwaya bado inapiga kwa jenereta au sola, na hapo kila wati ina bei. Tyubu inakula umeme muda wote ikiwa imewashwa, hata kama hujagusa uzi, kwa sababu ule waya wa ndani lazima uchemke. Pedali ya dijitali, kile kiboksi kinachoiga ampi, inakunywa kidogo tu. Powabenki au betri ndogo ya sola inaisukuma ibada nzima.

Na tyubu ikifa? Zile za gitaa, EL34, 6L6, 12AX7, leo zinatengenezwa hasa Slovakia, Urusi na China. Mwaka 2022 Urusi ilipobana usafirishaji wa bidhaa zake, bei za tyubu zilipanda mpaka Marekani watu wakaanza kuzificha. Kama jamaa wa New York alikosa usingizi, wewe wa Kibondo utaziokota wapi Jumamosi jioni wakati ibada ni kesho? Fundi redio wa mtaani anajua transista, IC na kuunganisha bodi za ampi za kichina, anafanya maajabu kwa waya na risasi, lakini tyubu wengi wao hawajawahi kuishika.

Twende basi mbele ya kwaya tuone mzigo unavyopigwa. Gitaa la mpiga solo ni la mkono wa tatu, rangi imebanduka pale mkono unapolalia. Nyuzi mpya hazipatikani karibu, kwa hiyo zile kuukuu zimevuliwa, zimekunjwa duara, zikachemshwa sufuriani mpaka jasho na uchafu vikatoka, zikapanguswa na kuanikwa. Asubuhi hii zinalia tena. Waya unatoka kwenye gitaa, unaingia kwenye pedali ndogo ya Zoom iliyofungwa gundi ya karatasi pale kitufe kimoja kilipovunjika, unatoka hapo kwenda kwenye miksa, na miksa inagawa kwa spika mbili kubwa za mbao zenye kitambaa cheusi. Nje jenereta linanguruma, limewekwa mbali nyuma ya migomba ili lisisikike. Jamaa anaweka vidole kule juu, ngazi ya kumi na mbili, anapiga nyuzi mbili kwa pamoja, anavuta, anaachia, besi inamdaka, na akina mama wa mstari wa mbele wameshaacha viti. Hakuna ampi ya gitaa pale. Hakuna hata moja. Na hakuna mtu aliyesimama kuuliza sauti imetoka wapi.

Hiyo pedali ndiyo dijitali wanayobishania. Inachofanya ni kuupima umeme wa gitaa lako mara elfu arobaini na zaidi kila sekunde, kuugeuza namba, kuzipigia hesabu zinazoiga ampi, kisha kuzirudisha kuwa sauti. Uigaji huu umekua hatua kwa hatua. Roland walitoa VG-8 mwaka 1995, Line 6 wakatoa POD mwaka 1998, kile kidude chekundu chenye umbo la figo kilichowapa watu sauti za ampi nyingi ndani ya boksi moja. Baadaye Kemper wa Ujerumani wakaleta mbinu nyingine: mtambo unapeleka sauti za majaribio kwenye ampi halisi, unasikiliza majibu, unainakili tabia yake. Mwaka 2019 Fender wenyewe walitoa Twin Reverb ya dijitali, umbo lile lile, kilo 15 badala ya 29. Kampuni iliyojenga jina kwa tyubu ikikuuzia isiyo na tyubu, ujue wameshajiridhisha kwamba tofauti imekuwa ndogo.

Lakini sitakudanganya kwamba kila dijitali ni mchongo. Programu za ampi kwenye simu zina tatizo la kuchelewa. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ikichelewa milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu hivi kutoka kwenye spika, hiyo unaivumilia. Simu nyingi za Android za bei ya kitaa zinachelewa zaidi ya hapo, na kwenye sebene ya kasi vidole vinasikia vibaya: unapiga, noti inakuja nyuma yako, unaanza kuisubiri, na mdundo unakufa. Kwa mazoezi ya geto na hedifoni ni freshi. Kwa jukwaa, tafuta pedali yenyewe, hata ya mkono wa pili, maana hiyo imeundwa kwa kazi moja na haichelewi kihivyo.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye sauti zilizopangwa tayari. Ukiwasha pedali mpya, sauti ya kwanza kabisa mara nyingi ni mkwaruzo mzito wenye mwangwi wa pangoni, kwa sababu walioipanga walikuwa wanamuuzia mpiga metali. Dogo anaiacha hivyo hivyo, anapiga sebene, inatoka kelele, watu wanasema gitaa bovu. Shusha ule mkwaruzo mpaka sifuri. Chagua ampi safi, punguza besi kwa sababu chini kuna mpiga besi mwenyewe, inua kidogo sauti za kati-juu, weka dilei fupi na korasi ya kunusa tu. Kama unaingia moja kwa moja kwenye miksa bila ampi, washa kile kipengele kinachoiga spika, maana ndicho kinachoondoa ukali wa kukwangua masikio. Halafu punguza sauti uwasikie wenzako. Kwenye dansi na kwenye kwaya, gitaa linalosikika peke yake limeshapotea njia.

Tyubu ina jambo moja ambalo mimi naiheshimu nalo kwa dhati. Inafundisha mguso. Kwa sababu inajibu kila tofauti ya kidole, mtu aliyekulia mbele ya ampi nzuri anajua kubembeleza uzi, anajua kwamba laini na nguvu ni maneno mawili tofauti. Dijitali za bei ndogo zinasawazisha kila kitu, ukigusa au ukichapa sauti inatoka ile ile, na dogo anaweza kupiga miaka bila kujua kwamba mkono wake wa kulia una maneno. Dawa yake haina gharama: piga gitaa kavu. Zima kila kitu, kaa karibu na ukuta, piga bila umeme mpaka solo yako iwe na milima na mabonde. Mwenda alifanya yote yale bila ukuta wenye soketi.

Sasa nije kwenye zile tyubu nilizosema tunazihitaji.

Fungua pedali yoyote, programu yoyote, uangalie orodha ya ampi walizoziiga. Utakuta Fender ya Marekani, Vox na Marshall za Uingereza. Kila sauti iliyowahi kupendwa California na London imeshanakiliwa na iko tayari kwa kidole chako. Tafuta sauti ya dansi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970. Tafuta solo ya Morogoro. Tafuta ule mlio wa ampi iliyochoka, yenye spika iliyoshonwa, uliopita kwenye maikrofoni ya Redio Tanzania ukaingia kwenye utepe na kulea wazazi wetu. Mimi nimepekua, sijakutana nayo. Wenye viwanda hawakuisahau kwa ubaya. Hakuna mtu wa kwetu aliyewapelekea.

Na siku hizi huhitaji kuwasubiri. Ipo programu ya bure inayoitwa Neural Amp Modeler, iliyoanzishwa na Steven Atkinson, na mtu yeyote anaweza kuipakua. Unahitaji ampi inayofanya kazi, kompyuta, na kile kiboksi cha kurekodia ambacho maprodyuza wa Bongo Fleva wanacho mpaka Kigoma mjini. Unapeleka sauti maalumu ya dakika chache ipite kwenye ampi, unarekodi inachotoa, kompyuta inalinganisha kilichoingia na kilichotoka mpaka inajifunza tabia ya mtambo ule. Kinachobaki ni faili dogo linalotumwa kwa WhatsApp. Ampi moja nzee ikinakiliwa Ujiji, mpiga solo wa Busunzu, wa Uvira, wa Bujumbura na wa Muscat wote wanaipata usiku huo huo, bila kubeba kilo 29 na bila kutafuta 6L6 ya kutoka Slovakia.

Kwa hiyo kila mmoja wetu kumiliki tyubu hakuna maana. Tunahitaji chache, za kwetu, zenye historia ya kwetu, zinyanyuliwe zikiwa bado zinaweza kusema. Na muda unatubana. Bendi zilizokuwa na vyombo vile nyingi zimekufa. Ampi zilizobaki ziko stoo za kumbi za zamani, za makanisa yaliyopokea vyombo kutoka kwa wamisionari, za shule na vikosi, zimelaliwa na magunia, na mnunuzi wa chuma chakavu anapita na mzani wake kila wiki. Kwake yeye ile transfoma nzito ni kilo za shaba tu.

Naongea na masela wa Kigoma yote, mliotuonyesha mwaka 2012 kwa wimbo wa Leka Dutigite kwamba mkoa huu ukijipanga unasikika nchi nzima. Ukiiona ampi ya zamani mahali, usiruhusu iuzwe kwa kilo. Usiiwashe na usiifungue mwenyewe: ndani yake kuna kapasita zinazoweza kushika volti za kuua hata baada ya waya kuchomolewa, na hazina msalie mtume. Ipige picha nyuma na mbele, andika jina na namba zilizomo, muulize mzee wa stoo ilipigwa na bendi gani au kwaya gani, miaka gani, na uyahifadhi majibu yake. Kisha mtafute fundi anayezijua tyubu, hata kama yuko Mwanza au Dar, aikague kwanza na kubadili kapasita zilizokauka. Ikisimama, mwite prodyuza, inakilini, mpeni kila mtu faili lake bure, na mlipatie jina la bendi iliyoipiga ampi hiyo.

Na wewe dogo unayekaa pembeni ya mpiga solo kila Jumapili ukihesabu vidole vyake, usisubiri tyubu. Chemsha nyuzi, shusha mkwaruzo, uingie zamu yako.